Moshi wa Samaki na Vinasaba: Safari Ndefu Kutoka Sumu Hadi Saratani

Takashi Sugimura, mtafiti wa saratani katika Kituo cha Taifa cha Saratani jijini Tokyo, alisimulia kwamba wazo lililokuja kumpa jina lilimjia nyumbani, katika miaka ya 1970, alipokuwa akimtazama mkewe akipika samaki. Kilichomvutia ni wingi wa moshi. Wakati huo ilikwisha kuthibitika kwamba moshi wa sigara umejaa kemikali zinazosababisha saratani, naye akajiuliza kwa nini moshi wa samaki anayeungua uaminiwe kuwa salama eti kwa sababu unatoka jikoni. Swali hilo lilizaa utafiti wa miaka mingi, likafichua kundi zima la kemikali ambazo binadamu amekuwa akizila tangu alipoanza kupika nyama kwa moto bila kujua kuwa zipo.

Nimeuchagua utafiti huu kwa sababu unaonyesha waziwazi mahali ambapo wengi wetu tunajikwaa tunaposoma habari za chakula na saratani. Tunasikia kwamba kitu fulani kinadhuru vinasaba, tunaruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba kinaleta saratani, kisha tunaruka tena na kudhani kwamba kitatuletea sisi, kwa kiasi tunachokila. Hayo ni madai matatu tofauti. Kila dai lina ushahidi wake, na mara nyingi ushahidi wa dai la kwanza huwa mwingi huku ule wa dai la tatu ukiwa haba.

Tuanze na maana ya sumu ya vinasaba. Ndani ya kila seli mna DNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia, na seli inapotaka kugawanyika ni lazima iunakili uzi huo wote. Sumu ya vinasaba ni kemikali inayoudhuru uzi wenyewe: huukata, au hujibandika kwenye herufi mojawapo hadi herufi hiyo isomwe vibaya wakati wa kunakili. Nakala yenye kosa ikisharithishwa kwa seli changa, kosa hilo halirekebishiki tena, na hapo ndipo tunasema badiliko la kinasaba limetokea. Hata hivyo dhara na badiliko si kitu kimoja. Kila seli ya mwili wetu hupoteza herufi zipatazo 10,000 za DNA kila siku kutokana na joto la mwili na maji yaliyomo ndani yake, bila sumu yoyote kutoka nje, na vimeng'enya vya kurekebisha huzirudisha karibu zote kabla seli haijagawanyika. Saratani huhitaji mabadiliko kadhaa yakusanyike katika seli moja, tena kwenye jeni (vipande vya DNA vyenye maagizo ya kazi fulani) chache zinazosimamia ukuaji, na mkusanyiko huo kwa kawaida huchukua miaka mingi.

Zipo pia kemikali zinazosababisha saratani bila kuigusa DNA, kwa mfano zile zinazochochea seli zigawanyike kupita kiasi au zinazoiumiza tishu hadi ikae na uvimbe kwa muda mrefu. Kwa hizo mara nyingi kipo kiwango ambacho chini yake hakuna madhara. Kwa sumu za vinasaba, tahadhari imewafanya wasimamizi wa chakula wachukulie kwamba kiwango kama hicho hakipo, kwa hoja kwamba hata molekuli moja inaweza, angalau kinadharia, kuigusa herufi isiyopaswa kuguswa. Ndiyo maana kugundua kwamba kitu ni sumu ya vinasaba hubadilisha namna sheria inavyokishughulikia, hata kabla ya mgonjwa yeyote kupatikana.

Sugimura alikuwa na sababu ya kuliamini jambo hili kuliko wengi wa rika lake. Mwaka 1967 yeye na mwenzake walionyesha kwamba MNNG, kemikali ambayo wataalamu wa jenetiki walikuwa wakiitumia kubadilisha vinasaba vya bakteria, huleta saratani ya tumbo kwa panya wanaoinywa katika maji. Kilichobadilisha bakteria kilikuwa kimemletea mnyama saratani. Kisha likaja suala la furilfuramidi, iliyojulikana zaidi kama AF-2, ambayo Japani iliiruhusu mwaka 1965 ihifadhie vyakula kama tofu na soseji za samaki. Majaribio ya awali ya wanyama hayakuonyesha saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilibainika kwamba AF-2 hubadilisha vinasaba vya bakteria kwa nguvu kubwa. Majaribio ya wanyama yakarudiwa, saratani ikaonekana, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku. Kwa miaka karibu kumi watu walikuwa wameila kila siku. Nadhani hakuna tukio linaloeleza vizuri zaidi kwa nini wanasayansi walikitamani kipimo cha haraka kisichosubiri panya azeeke.

Kipimo hicho kilitoka kwa Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mwaka 1973 yeye na wenzake walikitangaza katika makala iliyodai kwamba visababishi vya saratani ni vitu vinavyobadilisha vinasaba. Ames aliwachukua bakteria wa Salmonella waliolemazwa kwa makusudi: jeni yao ya kutengenezea histidini, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo, ilikuwa na kosa. Bakteria hao humiminwa kwa mamilioni juu ya jeli ya agari katika kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, pamoja na kemikali inayochunguzwa, na histidini kidogo sana ya kuwawezesha kugawanyika mara chache tu. Kisahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku mbili. Ukikitoa na kukiinua kwenye mwanga, kile kisichotiwa kemikali huwa kimetulia, kina ukungu hafifu na vidoa vichache, pengine 30, vya bakteria ambao kosa lao limejirekebisha kwa bahati. Kile kilichotiwa sumu ya vinasaba hujaa vidoa vyeupe kama uji uliotapakaa, mamia au maelfu, kila kimoja kikiwa kizazi cha bakteria mmoja ambaye jeni yake ilibadilishwa mpaka ikarudi kufanya kazi. Mtafiti huvihesabu, na idadi hiyo ndiyo jibu.

Ames aliongeza kitu kimoja ambacho bila hicho kipimo kingekosa maana: rojo la ini la panya lililosagwa. Kemikali nyingi hazina madhara mpaka mwili wenyewe uzishughulikie. Ini, katika juhudi za kuifanya kemikali iyeyuke kwenye maji ili itoke kwa mkojo, wakati mwingine huigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye DNA. Bakteria hawana ini, kwa hiyo waliazimwa la panya.

Timu ya Sugimura iliukusanya moshi wa samaki kwenye vichujio, ikaukwangua na ule mkaa mweusi uliobaki kwenye ngozi ya samaki, ikavijaribu vyote viwili kwenye visahani vya Ames. Vidoa vilijaa. Jambo lililowashtua zaidi lilikuwa hesabu: benzopireni, kisababishi cha saratani kilichojulikana tangu zamani kuwemo katika vitu vilivyoungua, ilipopimwa kwenye samaki hao ilikuwa kidogo mno kuweza kueleza idadi ya vidoa. Palikuwa na kitu kingine. Watafiti wakaanza kuunguza protini, kisha asidi amino moja baada ya nyingine, ili wajue ni ipi inayozalisha kitu hicho. Triptofani ndiyo iliyotoa majibu makali kuliko zote, na mwaka 1977 wakatangaza kemikali mbili zilizotokana nayo, wakaziita Trp-P-1 na Trp-P-2. Mwaka 1980 zikatolewa IQ na MeIQ kwenye sardini waliochomwa, na mwaka uliofuata MeIQx kwenye nyama ya ng'ombe iliyokaangwa. PhIP, ambayo baadaye ilionekana kuwa nyingi kuliko nyingine katika nyama iliyopikwa, ilitambuliwa mwaka 1986 na kundi la James Felton katika maabara ya Lawrence Livermore huko California.

Kemikali hizi kwa pamoja huitwa amini za heterosaikliki, na chanzo cha nyingi kati yake hueleza kwa nini huzipati katika mkate au viazi. Msuli wa mnyama una kreatini, akiba ya nishati ya haraka, na kreatini inapokutana na asidi amino na sukari katika joto kali, hasa kuanzia nyuzi 150 hivi na kuendelea, hujenga molekuli hizo. Nyama ya kuchemsha haifiki joto hilo, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100. Uso wa nyama iliyolala juu ya kikaango kikavu, au iliyo juu ya makaa, hulifikia upesi, na ndiyo maana kemikali nyingi hukaa kwenye gamba la nje na katika mabaki ya kikaango ambayo wapishi wengi huyatengenezea mchuzi mzito.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kusomwa polepole. Katika kisahani cha Ames, kwa aina ya bakteria iitwayo TA98, mikrogramu moja ya MeIQ hutoa vidoa vipatavyo 661,000, na ya IQ vidoa 433,000. Benzopireni hutoa 320. Aflatoksini B1, sumu ya kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, hutoa 6,000. Mtu akisimama hapo atahitimisha kwamba sardini aliyeungua ana kitu kikali zaidi ya mara 70 kuliko aflatoksini, na angeweza kuandika kichwa cha habari cha kutisha bila kusema uongo hata mmoja.

Lakini ukiwalisha panya, mpangilio unageuka chini juu. Aflatoksini B1 kiasi cha mikrogramu 100 tu katika kila kilo ya chakula ilitosha kuwaletea panya wa maabara saratani ya ini. IQ iliyoleta saratani kwa panya ilichanganywa kwenye chakula kwa miligramu 300 kwa kilo, yaani mara 3,000 ya hapo. Kilichoonekana kikali zaidi kwa bakteria kilikuwa dhaifu zaidi kwa mnyama, tena kwa mbali sana.

Sababu zake zinaeleweka. Bakteria wa Ames wametengenezwa wawe wepesi kudhurika: ukuta wao umetobolewa ili kemikali ziingie kwa urahisi, na uwezo wao wa kurekebisha DNA umepunguzwa. TA98 ina mahali pamoja kwenye jeni yake ambapo herufi mbili zinajirudia kwa zamu, na IQ na jamaa zake hupenda sana kuteleza hapo. Panya, kwa upande wake, ana utumbo wa kupita kwanza, ini linalogeuza sehemu ya kemikali kuwa sumu na papo hapo kufungasha sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya mkojo, na seli zenye vimeng'enya kamili vya ukarabati. Kipimo cha Ames hujibu swali moja tu: je, kitu hiki kinaweza kubadilisha DNA? Hakikubuniwa kujibu kinaibadilisha kwa kiasi gani ndani ya mwili ulio hai, na kukitumia kwa swali hilo ni kukionea.

Kipimo hicho hicho kinaweza pia kukosea upande wa pili. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 120 huwa na akrilamidi, inayotokana na asidi amino ya asparajini ikikutana na sukari. Akrilamidi ukiitia kwenye visahani vya Salmonella, hata pamoja na ini la panya, haileti vidoa. Ndani ya mwili, hata hivyo, kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa glisidamidi, nayo glisidamidi hujibandika kwenye DNA. Anayeamini kisahani peke yake angeiita salama.

Kwa amini za heterosaikliki, njia ya kuelekea kwenye DNA inafahamika hatua kwa hatua. Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, kile kile kinachovunjavunja kafeini ya kahawa, huziongezea oksijeni. Kimeng'enya kingine huzibandika kikundi cha asetili. Kikundi hicho kikidondoka, kinachobaki ni kipande chenye njaa ya elektroni kinachojishikiza kwenye herufi G ya DNA. Hapa watu hatufanani. Wapo ambao kwa kuzaliwa hubandika asetili upesi na wapo wanaofanya hivyo polepole, na uvutaji wa sigara huongeza nguvu ya CYP1A2. Watu wawili wakila kutoka sahani moja, DNA zao hazipati kiasi kimoja cha madhara, na ukweli huu ndio unaowatesa watafiti wanapotafuta uhusiano kati ya chakula na ugonjwa katika kundi kubwa la watu.

Kilichoongeza wasiwasi ni mahali saratani ilipotokea kwa wanyama. PhIP ilipolishwa panya kwa miligramu 400 kwa kilo ya chakula, ilileta saratani ya utumbo mpana kwa madume na ya matiti kwa majike, na baadaye ya tezi dume pia. Hizo ni saratani tatu zilizo nyingi katika nchi ambako nyama huliwa kwa wingi. Ulinganifu huo unavutia, nami sidhani ni wa kupuuzwa, lakini lazima ukae pamoja na kiasi kinacholiwa: nyama ya kawaida iliyokaangwa huwa na mikrogramu chache au makumi machache kwa kilo, maelfu ya mara chini ya kile walichokula panya. Ames mwenyewe alikuja kulisisitiza jambo hili. Mwaka 1990, akiwa na mtafiti mwenzake Lois Gold, alionyesha kwamba takriban nusu ya kemikali zote zilizojaribiwa kwa wanyama kwa kipimo cha juu kabisa wanachoweza kukivumilia huonekana kusababisha saratani, ziwe za viwandani au za asili, na akatoa hoja kwamba kipimo kikubwa chenyewe huua seli, zilizobaki hugawanyika haraka kuziba pengo, na mgawanyiko huo wa haraka huongeza makosa.

Kwa watu, ushahidi ulio imara zaidi umekuja kwa njia ya vyakula vyenyewe. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani wenye makao Lyon, Ufaransa, uliiweka IQ mwaka 1993 katika kundi la 2A, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na PhIP, MeIQ na MeIQx katika 2B, la vitu vinavyoweza kufanya hivyo. Mwaka 2015 wakala huo uliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la 1 na nyama nyekundu katika 2A, ukikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Amini za heterosaikliki ni sehemu tu ya maelezo hayo. Zimo pia chuma cha damu kilicho kwenye nyama na kemikali za nitroso.

Namba hizo mbili, kundi na asilimia, zimepotosha watu wengi mno. Makundi hupanga uzito wa ushahidi, si ukali wa sumu. Sigara na soseji kuwa katika kundi la 1 kunamaanisha kwamba wataalamu wana hakika kwa zote mbili, na hakusemi lolote kuhusu ni ipi inayoua watu wengi zaidi. Sigara huua wengi zaidi kwa mbali. Na asilimia 18 huhesabiwa juu ya uwezekano uliokuwepo mwanzo. Tuchukulie katika watu 100, watano wangeugua maishani mwao bila kula soseji. Wakiila kila siku, wangekuwa karibu sita. Mmoja huyo ni mtu kamili mwenye familia, na kwa taifa zima ni wagonjwa wengi, lakini si watu 18 kati ya 100.

Wasimamizi wa chakula wamejaribu kulipatia suala la kiasi kinacholiwa hesabu yake. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya huchukua kiasi ambacho kwa wanyama huongeza visa vya uvimbe wa saratani kwa asilimia 10, au makadirio yake ya chini, na kukigawa kwa kiasi ambacho watu hukila. Jibu likiwa 10,000 au zaidi, jambo hilo huhesabiwa kuwa si la kushughulikiwa kwanza. Kwa akrilamidi, tathmini ya mwaka 2015 ilipata majibu kati ya 425 na 50, chini sana ya kiwango hicho, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni za kuipunguza katika vyakula vya viwandani. Napenda namna hii ya kufikiri kwa sababu inalazimisha pande mbili, nguvu ya sumu na wingi wa ulaji, zikae katika mstari mmoja.

Japani nayo iliupitia mgogoro huu hadharani. Mwongozo wa mambo 12 ya kujikinga na saratani uliotolewa huko mwaka 1978 uliwaonya watu waepuke sehemu zilizoungua za chakula. Mwongozo ulipoandikwa upya mwaka 2011, kipengele hicho hakikuwemo tena. Tumbaku na chumvi vilibaki. Kemikali za Sugimura hazikuwa zimekanushwa. Uzito wake tu ndio uliokuwa umepimwa upya, ukalinganishwa na mambo mengine yanayoua watu wengi zaidi. Anayetaka kuzipunguza bado anaweza, na kwa juhudi ndogo: kugeuza nyama mara kwa mara badala ya kuiacha upande mmoja, kupunguza moto, kukwangua sehemu nyeusi, au kuipasha nyama kwanza kwenye oveni ya mikrowevu kwa dakika mbili na kumwaga maji yanayotoka, kwani hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kreatini.

Kilichobaki ni kuunganisha kiungo cha mwisho, kutoka kemikali hadi uvimbe wa mtu fulani, na hapa aflatoksini imetangulia. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka maeneo yenye aflatoksini nyingi walikuta badiliko lile lile likijirudia: herufi G ikigeuka T mahali pamoja, kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya jeni iitwayo p53, ambayo huzuia seli zisikue ovyo. Ni kama alama ya kidole iliyoachwa na sumu ndani ya mgonjwa. Kwa PhIP, alama imepatikana kwa panya: katika saratani zao za utumbo, watafiti wa Japani walikuta G moja imedondoka penye mfululizo wa G tatu zikifuatwa na A, ndani ya jeni ya Apc, jeni ambayo kwa binadamu pia huharibika mapema katika saratani nyingi za utumbo mpana. Alama kama hiyo, ikitafutwa katika uvimbe wa watu ambao ulaji wao unajulikana vizuri, ndiyo inayoweza kusema ni wagonjwa wangapi ambao ugonjwa wao ulianzia kwenye moshi ule wa jikoni kwa Sugimura.